Mafunzo ya Sheria ya Ulemavu Mtandaoni: Hoja ya Kuanzia Lushoto

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja wajibu wa mafunzo waziwazi. Ibara ya 9 inataka wadau wafundishwe masuala ya ufikivu. Ibara ya 13 inataka watumishi wa utoaji haki, wakiwamo polisi na askari magereza, waandaliwe ili mtu mwenye ulemavu aipate haki yake sawa na wengine. Makala hii inadai kwamba mafunzo hayo yanaweza kutolewa mtandaoni, na kwamba Lushoto panafaa kuyaandaa, kwa sharti moja: yaitii sheria yanayoifundisha.

Lushoto ina Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Si mbali na hapo, Irente, kuna shule ya msingi ya wasioona pamoja na Irente Rainbow, ya watoto wenye ulemavu wa akili, zote za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Magamba nako dayosisi hiyohiyo ilianzisha mwaka 2007 chuo kikuu kishiriki cha Sebastian Kolowa, kilichojipambanua kwa elimu maalumu. Wilaya chache nchini zina wajuzi wa sheria na wajuzi wa ulemavu wanaoishi karibu hivyo.

Ukaribu huo una faida katika maudhui. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Kukariri kifungu hicho ni rahisi. Kazi huanza mahakamani, pale mwanamke kiziwi anapodai fungu lake la shamba la marehemu baba yake, mkalimani hakuna, na kaka anayepingana naye ndiye anayejitolea kutafsiri. Hakimu afanye nini? Jibu linahitaji mjuzi wa sheria na mjuzi wa ulemavu wakae pamoja. Mafunzo yajengwe juu ya maswali ya namna hiyo, na kwa Kiswahili, hasa baada ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya lugha ya mahakama.

Umbo la mafunzo nalo ni sehemu ya somo, kwa kuwa miongoni mwa wanafunzi watakuwamo wenye ulemavu. Kitini kilichopigwa picha na kupakiwa hivyohivyo ni ukurasa mtupu kwa programu ya kusoma skrini. Video isiyo na manukuu wala Lugha ya Alama ya Tanzania humwacha kiziwi nje. Jaribio lisilofanyika bila kipanya humzuia asiyeweza kukitumia. Miongozo ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, inadai maudhui yatambulike, yaendesheke, yaeleweke na yafunguke katika vifaa mbalimbali. Kuahirisha hayo hadi “awamu ya pili” ni kuwabagua walengwa wenyewe katika awamu ya kwanza.

Wapo watakaosema kuwa katika milima ya Lushoto mtandao unasumbua na bando ni ghali, hivyo heri semina. Hoja hiyo ina uzito, lakini semina nayo ina gharama: anayetumia kiti cha magurudumu Mtae au Mlalo, wilayani humo, hulazimika kushuka na kupanda milima kwa gari lisilotengenezwa kwa ajili yake. Jibu ni masomo mepesi: sauti na matini za kupakua mara moja na kutumia bila mtandao. Yapo ya kufanywa ana kwa ana, kama kukagua mteremko wa mlango wa mahakama. Hayo yabaki hivyo.

Mwisho, Ibara ya 4 ya Mkataba inaitaka serikali ishauriane kwa karibu na watu wenye ulemavu kupitia vyama vyao. Kwa hiyo SHIVYAWATA, shirikisho la vyama hivyo, na CHAVITA, chama cha viziwi, waingie tangu rasimu ya kwanza, walipwe kama waandishi, wasiitwe siku ya uzinduzi kupiga makofi. Kabla ya kuidhinishwa, kila somo lijaribiwe na msomaji asiyeona na mtazamaji kiziwi. Likiwashinda kulitumia, lirudishwe kwa mtunzi.