Miaka ishirini ya kufukuzana na moshi Nairobi

Katika kona nyingi za katikati ya Nairobi utamkuta mchuuzi amepakata trei yake ya mbao. Ndani mna peremende, bablishi, njugu zilizokunjwa kwenye karatasi, na pakiti ya sigara iliyofunguliwa. Kibiriti cha gesi kimefungwa uzi kisiende na mteja. Mteja anatoa sarafu, anachukua sigara moja, anaiwasha kwa kibiriti kile kile cha uzi, kisha anatazama kushoto na kulia. Anaangalia kama kuna askari wa kanjo, yaani wa jiji. Akiona pako salama, anaingia uchochoroni na moshi wake.

Tazamo lile la kushoto na kulia lina historia, tena si ndefu sana. Nilipokuwa mtoto hakuna aliyejificha. Mjomba alinituma dukani akiwa hajainua macho kwenye gazeti: "Niletee Sportsman mbili, na chenji nirudishiwe." Mwenye duka alinihesabia sigara mbili kiganjani, nami nikazirudisha nyumbani nimezishika kama mayai. Watu walivuta kwenye basi, kwenye foleni ya benki, hata ofisini ambako kisahani cha majivu kilikaa mezani kando ya simu. Fundi wa gari alipiga hesabu ya vipuri nyuma ya gamba la pakiti, na hiyo ndiyo ikawa risiti. Sigara ilikuwa sehemu ya mji, na biashara yake ilikuwa na mizizi: kampuni ya British American Tobacco (BAT) imekuwapo nchini tangu 1907, na wakulima wa Migori na Kuria, pamoja na wa Meru na Busia, wamelima tumbaku vizazi kwa vizazi. Serikali nayo ilipenda kodi yake.

Mambo yalianza kugeuka nje ya nchi. Mei 2003, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mkataba wa kudhibiti tumbaku. Kenya ilitia saini na kuuridhia mwezi Juni 2004. Mwaka huo huo, mwezi Machi, Ireland ilikuwa nchi ya kwanza kupiga marufuku sigara katika sehemu zote za kazi, baa zikiwemo. Hoja yao haikuwa ya maadili. Walisema mhudumu wa baa naye yuko kazini, na mapafu yake hayastahili kuwa sehemu ya mshahara. Hoja hiyo nitairudia, maana hapa kwetu ndiyo iliyosahaulika.

Mwezi Mei 2006, Waziri wa Afya Charity Ngilu alitangaza kanuni za kuzuia uvutaji katika maeneo ya umma. Kampuni za sigara, BAT na Mastermind, zilikimbilia Mahakama Kuu, na mahakama ikasimamisha kanuni hizo. Wavutaji wakapumua, kama neno hilo linafaa hapa. Muswada wa tumbaku nao ulikuwa umeshazunguka kwa miaka mingi bila kupita bungeni, na watu wengi tuliamini kwamba mambo yangeishia hapo.

Kumbe mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mabaraza ya miji yalikuwa na uwezo wa kutunga sheria ndogo zake. Nakuru ilitangulia kupiga marufuku sigara hadharani, na mwaka 2007 Nairobi ikafuata. Hapa ndipo mtu anapaswa kucheka kidogo. Baraza la jiji lile lile tulilolilaumu kwa takataka na mitaro iliyoziba, lile la askari wanaokimbizana na akina mama wauza mboga, ndilo lililofanya kile ambacho wizara nzima ilikuwa imeshindwa kukifanya. Waliokuwa wakivuta njiani walianza kukamatwa. Mtu wa tai, na mkoba wake mkononi, akajikuta amepandishwa gari moja na mchuuzi wa ndizi.

Nadhani aibu ile ilifanya kazi kuliko faini yoyote. Mnairobi anaweza kuvumilia kutozwa pesa, lakini kushikwa mshipi wa suruali mbele ya wafanyakazi wenzake ni jambo jingine. Baada ya muda mfupi, mtu aliyewasha sigara kwenye msongamano alitazamwa na wapita njia kama amevua viatu sebuleni kwa watu wasiomjua. Kisha jiji likatenga mabanda ya kuvutia, na humo ukaweza kuwaona wakurugenzi na makuli wamesimama bega kwa bega, kila mmoja akitazama ukuta. Wengi walitoka wakitafuna peremende.

Bunge likafuata nyuma. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ilipitishwa mwaka 2007, Rais Mwai Kibaki akaitia saini mwezi Septemba, na ikaanza kutumika tarehe 8 Julai 2008. Iligusa ofisi, hospitali, mahakama, mikahawa, baa, masoko, viwanja vya michezo na magari ya abiria. Anayevuta mahali palipokatazwa anaweza kutozwa faini ya hadi Sh50,000 au kufungwa miezi sita, au vyote viwili. Matangazo ya sigara yakaondoka, na kumuuzia aliye chini ya miaka 18 kukawa kosa. Mjomba wangu angehitaji kwenda dukani mwenyewe.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mawakili. Serikali ilitoa kanuni za 2014 zilizodai, pamoja na mengine, picha za maonyo kwenye pakiti na mchango wa asilimia 2 kutoka kwa watengenezaji kwa ajili ya mfuko wa kudhibiti tumbaku. BAT ilipinga. Ilishindwa Mahakama Kuu mwaka 2016, ikashindwa Mahakama ya Rufaa mwaka 2017, na tarehe 26 Novemba 2019 Mahakama ya Juu ikaufunga mjadala. Kanuni za mwaka 2014, basi, zilithibitishwa kabisa mwaka 2019. Katikati ya hayo, mwishoni mwa 2017, shisha nayo ilipigwa marufuku, mwezi ule ule ambao Rwanda ilichukua hatua kama hiyo.

Sasa kuna wanaotaka sheria kali zaidi. Mwaka 2024 muswada wa kurekebisha sheria ya tumbaku ulifikishwa katika Seneti, ukilenga sigara za kielektroniki na vifuko vya nikotini, bidhaa ambazo waliotunga sheria ya 2007 hawakuwa wamewahi kuziona. Sina ugomvi na hilo. Kijana anayetoa mvuke wenye harufu ya embe darasani anahitaji kuangaliwa. Lakini ukiangalia historia hii utaona kwamba tatizo la Nairobi halijawahi kuwa ukosefu wa sheria.

Chukua baa. Utafiti wa kitaifa wa 2014 kuhusu matumizi ya tumbaku ulionyesha kwamba asilimia 11.6 ya watu wazima walitumia tumbaku, wengi wao wanaume. Utafiti huo huo ulikuta zaidi ya wanane kati ya kila kumi waliokwenda baa au klabu za usiku walikutana na moshi humo, miaka sita baada ya sheria kuanza. Yaani tulimsafisha mpita njia, ambaye moshi ungemgusa kwa nukta chache, tukamwacha mhudumu anayeuvuta kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka alfajiri. Yeye hana banda la kukimbilia. Akilalamika, kesho kuna mwingine mlangoni anayetafuta kazi yake.

Na chukua trei ya mbao. Tukimfuata mvutaji uchochoroni tunasahau alikotoka: hatua tatu nyuma, kwa mchuuzi. Mwanafunzi hana pesa za pakiti, ana sarafu za sigara moja. Anayejaribu kuacha naye hujiambia kwamba moja si kitu. Mchuuzi simlaumu sana, anatafuta unga kama sisi sote, na pakiti ile hakuitengeneza yeye. Lakini wanaotaka kuongeza faini wangeanza na kazi ambayo haihitaji muswada mpya wala wakili. Wapeleke wakaguzi kwenye baa usiku, si barabarani mchana, na wawaulize wauzaji wa jumla sigara za rejareja zinatoka wapi. Sheria iliyoanza Julai 2008 inakataza kuuza sigara katika pakiti yenye chini ya sigara kumi.