Nyumba za Ibada katika Njia ya Misafara

Aghalabu historia ya miji yetu huelezwa kwa kutaja soko, boma na reli, na nyumba za ibada zikatajwa mwishoni kana kwamba zilikuwa pambo tu. Katika nchi ya Tabora haikuwa hivyo. Kwa watu waliong'olewa makwao na biashara ya watumwa, kanisa lilikuwa ukoo mpya. Na ukoo hauna budi kuwa na mahali pa kukaa.

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njiapanda. Misafara iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapo: mingine ikaelekea Ujiji, mingine Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi waliipita njia hiyo wakitafuta ujira; watumwa waliipita katika minyororo. Mapadri Weupe walifika Tabora mwaka 1878, na katika miaka ya 1880 wakawalea watoto waliokombolewa utumwani huko Kipalapala, nje kidogo ya mji. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, aliishi Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi ya Timbuktu, aliyetekwa utotoni, akakombolewa, akasomea uganga Malta. Tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956 aliwatibu watu wasiokuwa wa kabila lake, naye akawa mwenyeji wao.

Lakini thamani ya mahali huhama. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Ilipofika ziwani mwaka 1914 bandari yake ikawa Kigoma, na Ujiji ikapoteza biashara yake. Serikali ya kikoloni nayo iliigawa miji kwa rangi: Wazungu walipewa viwanja vikubwa, Waafrika wakasongamana pembezoni. Waumini waliishi walikoruhusiwa, si walikochagua. Uongozi wa makanisa yenyewe ulichelewa kufika mikononi mwa wananchi: Marko Mihayo akawa Askofu Mkuu wa Tabora mwaka 1960, na Teofilo Kisanji akawa askofu wa Wamoravian mwaka 1966.

Ndugu zetu Weusi wa Marekani wamepatwa na jambo linalofanana na hili. Mjini Philadelphia, kanisa la Bethel lililoanzishwa na Richard Allen mwaka 1794 lingali katika kiwanja chake, kwa kuwa waumini walikimiliki wenyewe. Lakini katika mitaa kama Harlem, matajiri walipohamia, kodi za nyumba zilipanda. Wapangaji wengi wakahamia mbali, wakawa wanarudi Jumapili tu. Kanisa lilibaki, jirani akaondoka.

Tanganyika ilifuta umilikaji binafsi wa ardhi wa kudumu mwaka 1963, ili ardhi isiwe bidhaa ya wachache. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilikiri kwamba haki juu ya ardhi ina thamani ya fedha. Katika miaka ya 2020 reli mpya imeanza kujengwa kuelekea Tabora. Reli huleta neema, lakini pia huinua bei ya viwanja, na anayeondoka kwanza ni mpangaji asiye na hati.

Basi walimu na wanafunzi wasitosheke na kupima kuta za makanisa ya kale. Wawaulize wazee ni familia zipi zilizoishi kuyazunguka, zilitoka wapi na zilisali kwa lugha gani. Kisha waandike majibu hayo mapema, wangali majirani.