Mgeni Anaishia Wapi

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu, akaandika kwa kirefu jinsi mji ule ulivyompokea mfanyabiashara. Meli ikitia nanga, vijana waliifuata kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi chakula mmoja wa wafanyabiashara na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Kuanzia hapo mfanyabiashara alifikia nyumbani kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa na kumnunulia nyingine. Ibn Battuta mwenyewe hakuchukuliwa na vijana hao. Iliposikika kwamba ni mwanazuoni, alipelekwa kwa kadhi.

Mji wa namna hiyo haukuhitaji hoteli. Nyumba ya mtu ndiyo ilikuwa ghala, ofisi na dhamana. Lakini mgeni aliyekuja na kaskazi alilazimika kusubiri upepo wa kusi ndipo arudi, na huyo humpi jembe siku ya tatu. Pengine shehena yake ndiyo mtaji wako wa mwaka mzima. Inabidi umwingize ndani, na inabidi ajue pa kuishia. Naona historia ya ndani ya nyumba zetu za mjini inasomeka vizuri zaidi kwa kufuata mstari huo mmoja, wa pale mgeni anapoishia, kuliko kwa kufuata aina za viti na mapazia.

Lamu waliuchora mstari huo kwa mawe. Katika nyumba kubwa za karne ya 18, ambazo baadhi yake zinakaliwa hadi leo, mbele kuna daka: kibaraza chenye paa na viti vya mawe pande mbili, nje ya mlango. Wengi waliokuja kwa shughuli waliishia hapo. Ukivuka mlango unaingia tekani, na hapo njia inakata kona makusudi, ili mpita njia asione kitu hata mlango ukiachwa wazi. Mbele yake ni kiwanda, ua usio na paa, kisha vyumba virefu vyembamba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, ndani, na nyuma kabisa nyumba ya kati. Sakafu inapanda kidogo kila unapovuka chumba, na mwanga unazidi kufifia. Mgeni wa kulala hakupitishwa huko. Alipewa sabule, aghalabu ghorofani na yenye ngazi yake, akaweza kukaa msimu mzima bila kukutana na wanawake wa nyumba. Wao walikuwa na njia zao. Mahali pengine ndugu waliounganisha nyumba mbili walijenga wikio, chumba kinachopita juu ya uchochoro kama daraja, na watu wakatembeleana bila kukanyaga barabara.

Cha kushangaza kwa macho ya leo ni kwamba fahari yote ilikuwa nyuma. Ukuta uliopambwa kuliko kuta zote ni ule wa ndani, wenye zidaka: safu juu ya safu za vishubaka vya lipu ya chokaa iliyochongwa, vya kuwekea sahani na bakuli za kaure zilizotoka ng'ambo, China ikiwemo. Linda Donley-Reid, aliyezichunguza nyumba hizo, alieleza kwamba kaure hizo zilitazamiwa pia kuikinga nyumba na jicho la husuda, na kwamba nyumba ya kati ndiko watoto walikozaliwa na maiti walikooshewa. Nyumba yenyewe mara nyingi ilijengwa kwa ajili ya binti anayeolewa. Kaka alioa akahamia kwa mkewe. Kwa hiyo sahani zile zilimhusu mwenye nyumba, naye alikuwa mwanamke, kuliko mfanyabiashara aliyeachwa dakani.

Kaure ilikuwa na kazi chooni pia. Kwenye birika la maji walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa ya birika walizika bakuli la kaure kwenye chokaa, ili maji yakipungua samaki wabaki na mahali pa kuogelea. Sijui fundi wa leo wa vigae anayeweza kujivunia jambo la akili kuliko hilo.

Upana wa vyumba, kwa upande wake, uliamuliwa na mti. Dari ililazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki vizuri zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo maana chumba kinaweza kuwa kirefu upendavyo lakini daima ni chembamba. Miti hiyo iligawanywa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, na majahazi yaliipeleka Uarabuni na Ghuba, ambako miti mizuri ya kujengea ni adimu. Nyumba za kale za huko nazo zikawa na vyumba vyenye upana ule ule. Biashara hiyo ilidumu hadi Kenya ilipozuia kuuza miti ya mikoko nje ya nchi mwaka 1982.

Unguja ya karne ya 19 ilianza kuisogeza fahari mbele. Mkataba wa biashara na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, meli za bandari ya Salem ya huko zikazidi kuja kuchukua pembe za ndovu na sandarusi, na pamoja na vitambaa zilileta vitu vya nyumbani. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 anaeleza vyumba vya kwao: vishubaka vipana ukutani vyenye kaure na vyombo vya kioo, na kati yake vioo vikubwa vya Ulaya na saa. Kishubaka ni kile kile cha Lamu, ila jirani yake sasa ni saa ya Mzungu. Tajiri wa mjini alihitaji ukumbi wa kumwonyesha balozi na mdai wake kwamba anaijua dunia, na bidhaa ghali zikapata kazi ya pili, ya kusema kwa niaba ya mwenyewe.

Halafu ikaja miji ya wakoloni, na mstari wa mgeni ukapinduliwa.

Dar es Salaam, Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi mwaka 1891 zikigawa mji kwa aina ya nyumba. Waingereza waliendeleza mgawanyo huo katika miaka ya 1920 kwa kanda tatu, ambazo watu walizijua kwa majina yao wenyewe: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kwenye karatasi kanuni zilitaja vifaa vya ujenzi, si rangi ya mtu. Mtaani kila mmoja alijua zinamlenga nani. Kariakoo ikawa mji wa nyumba za miti na udongo kwenye viwanja vilivyopimwa, na juu yake makuti, madebe, baadaye bati. Ramani ya nyumba ni ile ambayo msomaji wa Magomeni, Tanga au Ujiji anaweza kuichora amefumba macho: baraza mbele, ukumbi unaopasua nyumba katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani jiko, choo na stoo.

Watu husema hii ni nyumba ya asili ya pwani, na ukumbi wake wa katikati una mizizi huko kweli. Mimi naona mji ndio uliousambaza, kwa sababu ni nyumba inayopangishika. Kila chumba kina mlango wake ukumbini na kufuli lake. Mwenye nyumba analala kimoja, vitano vinamlisha. Pumwani, Nairobi, ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wenyeji walijenga vivyo hivyo, na sehemu kubwa ya wenye nyumba walikuwa wanawake walioweka akiba zao kwenye kuta za udongo. Mgeni aliyekuwa akiishia dakani sasa ana ufunguo, na kitanda chake kimepakana ukuta na cha mwenye nyumba.

Chumba kimoja kikabidi kiwe nyumba nzima. Kitanda kilikaa upande wa mbali na mlango, kikakatizwa kwa pazia. Chini yake masanduku, sufuria za akiba na mchele. Upande wa mlangoni ndiyo sebule: viti viwili, stuli, meza yenye kitambaa cha kufumwa, redio nayo imevikwa kitambaa chake, kabati la vyombo vinavyotolewa siku ya wageni tu. Mlango uliachwa wazi ili hewa ipite, pazia likaning'inizwa. Pazia likishuka, hodi ni lazima hata kwa mtoto. Na kwa kuwa kuta nyingi hazikufika kwenye bati, ulichosema usiku mwenzako alikuwa nacho asubuhi uani, kwenye foleni ya choo, na adabu ilimtaka ajifanye hakusikia.

Uani kulikuwa na siasa zake: zamu ya kufagia, jiko la nani liko karibu na mlango, kanga ya nani imeanikwa na jina lake likitazama dirisha la nani.

Kwa upande wa Tanganyika, Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, nyumba nyingi za udongo zikavunjwa na kujengwa upya kwa matofali ya saruji, mara nyingi kwa ramani ile ile. Zanzibar ilichukua njia nyingine, ikajenga maghorofa ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Kilichoiondoa nyumba ya vyumba sita Kariakoo ni bei ya kiwanja. Kuanzia miaka ya 1990 ghorofa zilipanda moja baada ya nyingine. Wapo wenye viwanja waliouza, wapo waliokubaliana na mjenzi wakabaki na sehemu ya jengo. Korido bado ipo, ila inaishia kwenye geti la chuma la kila mlango, na jirani unakutana naye kwenye lifti, ikiwa inafanya kazi.

Ndani ya geti hilo fahari yote imekuja mbele. Sebule ndiyo inayokula nafasi: makochi, runinga, dari ya jipsamu yenye taa za rangi, wakati vyumba vya kulala vinabanwa na chenye choo cha ndani kinaitwa masta. Jambo jipya kabisa ni jiko lililofunguliwa sebuleni, bila ukuta, ili mgeni akiwa kwenye kochi aone sufuria zako na wewe mwenyewe unavyokaanga. Wajenzi wanalipenda kwa sababu linapunguza kuta. Wanaojenga nyumba zao wenyewe Mbezi au Kigamboni wamelipatia dawa: jiko la picha linabaki ndani, limepangwa vizuri, na nyuma ya nyumba linajengwa jiko la nje, la mkaa na samaki, ambako mgeni hapelekwi.