Sheria, Jirani na Bahari

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa letu, aghalabu hutaja lugha, ngoma na majengo ya kale. Ni mara chache tunakumbuka kwamba bahari nayo ni urithi. Wavuvi wa pwani wana elimu ya bamvua na maji mafu, ya kaskazi na kusi. Na pomboo, nguva na kasa wanawajua kwa mienendo yao. Katika bahari hiyo ndimo uvuvi wa baruti ulimoenea tangu miaka ya 1960. Historia ya kuupiga vita yatufundisha kwamba sheria haitoshi pasipo ushirikiano.

Hasara ya baruti ni dhahiri. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wachanga pamoja, na huvunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Pomboo, ambaye huvuta hewa na kunyonyesha, hutafuta chakula chake kwa sauti. Kishindo hicho chaweza kumharibu masikio au kumwua. Nguva naye huzaa mtoto mmoja tu, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Akifa mmoja, pengo lake halizibiki upesi.

Mwaka 1961, mjini Arusha, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuwalinda wanyama wa porini ni dhamana yetu, akayaomba mataifa mengine yashirikiane nasi. Mwaka 1970 sheria ya uvuvi ilipiga marufuku baruti. Hata hivyo milipuko iliendelea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanamaji wa jeshi walitumwa baharini, na kukawa kimya. Doria zilipolegea, baruti ikarudi. Mwaka 2015 wataalamu waliopita pwani nzima na vyombo vya kusikilizia sauti za nyangumi na pomboo walinasa milipuko zaidi ya 300, na zaidi ya nusu yake ilitoka karibu na Dar es Salaam.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Kwa sababu kosa hili halianzii baharini wala haliishii huko. Baruti hutoka nchi kavu, samaki huuzwa sokoni, na kesi huamuliwa mahakamani. Ofisa wa uvuvi aliye peke yake mashuani hawezi kuyafuata yote. Ndipo mwaka 2015 kikaundwa kikosi kazi cha kuwaunganisha polisi, waendesha mashtaka na maofisa wa uvuvi, misitu na wanyamapori. Mpelelezi alimtafuta muuza baruti. Mtaalamu aliweza kuionyesha mahakama mifupa iliyovunjika ndani ya samaki ambaye ngozi yake ni nzima. Katika miaka iliyofuata milipuko ilipungua sana.

Lakini pana ugumu ambao hatuna budi kuukiri. Shahidi wa kwanza ni mwanakijiji, na mshtakiwa huenda akawa jirani yake au shemeji yake. Wanasali pamoja na kuzikana. Akimtaja, atatengwa, akinyamaza, watoto wake watakosa kitoweo kesho. Tusimlaumu kwa wepesi. Vikundi vya vijiji vya kulinda rasilimali za uvuvi vina manufaa hapa, kwani humwondolea mtu mmoja mzigo huo na kuufanya kuwa wa wote. Aidha, ulinzi hupata nguvu pale unapoleta riziki. Huko Kizimkazi, Unguja, pomboo walikuwa wakiuawa ili wawe chambo cha papa. Tangu miaka ya 1990 wageni huja kuwatazama, na wavuvi wa jana wamekuwa manahodha wa kuwapeleka.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Askari bila shahidi, shahidi bila hakimu, na hakimu bila mtaalamu, kila mmoja ni kidole kimoja. Baruti ilirudi mara moja pale tulipodhani kazi imekwisha. Ni juu yetu, na juu ya vijana tunaowafundisha, kuona kwamba hairudi tena.