Wekundu Uliopikwa Gerejini

Mwaka 1966 kampuni ya Ford iliwapa wanunuzi wa Mustang rangi mpya, Candyapple Red. Jina lilitoka kwa mafundi wa gereji za California. Mapishi yao hayakufika kiwandani. Rangi ya Ford ilikuwa nyekundu ya kawaida, nzuri kwa macho, lakini bila chembe ya metali wala kile kina kilichowafanya vijana wa California wasimame kando ya barabara kushangaa. Nyekundu ya mafundi hao ilikuwa imeshazaliwa miaka kumi hivi kabla yake, na haikuzaliwa kwenye maabara.

Anayetajwa kuwa baba yake ni Joe Bailon, fundi aliyezaliwa mwaka 1923 na kujijengea jina huko Hayward, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco. Inasimuliwa kwamba mwako wa taa za nyuma za magari usiku ndio uliomtia hamu: kwa nini bodi nzima isiwake hivyo? Akachanganya, akapuliza, akapiga msasa, akaanza upya, mpaka miaka ya 1950 ilipofika katikati. Alichokipata kilifanana na tufaa lililochovywa katika sukari nyekundu iliyoyeyushwa, kitamu cha minadani na sikukuu za Marekani ambacho William Kolb, mpika peremende wa Newark, anasifiwa kukianzisha mwaka 1908. Jina la kitamu hicho, candy apple, likaganda.

Bailon asingefika popote bila laka. Mwanzoni mwa karne ya 20 gari liliweza kukaa wiki kadhaa likisubiri rangi ikauke. Kisha kampuni ya DuPont ikaleta Duco, laka ya nitroselulosi, na magari ya chapa ya Oakland ya mwaka 1924 yakatoka kiwandani yakiwa yamepakwa hiyo. Ilipulizwa kwa bunduki ya upepo na kukauka upesi mno. Kiwanda kilifurahia kuokoa muda. Fundi wa mtaani aliona jambo jingine: ikiwa tabaka linakauka haraka, basi linaweza kuwekwa jingine juu yake siku hiyo hiyo, na jingine, na jingine.

Hapo ndipo siri ilipo. Chini kabisa, juu ya praima, hupulizwa rangi ya dhahabu au fedha yenye unga laini wa metali. Juu yake hufuata laka isiyo na rangi iliyotiwa tone la wino mwekundu, nyembamba kiasi kwamba tabaka la kwanza huacha bodi ya pinki tu. Wekundu hukolea kadiri matabaka yanavyoongezeka. Mwanga huingia, hupenya wekundu, hugonga metali na kurudi, ukipita katika wekundu mara ya pili. Ni kama kutazama sinia la shaba kupitia bilauri ya juisi ya rosela. Ndiyo maana palipo na kivuli rangi hii huonekana ya damu ya mzee, na jua likiipiga huwaka.

Uzuri huo una gharama. Rangi ya kawaida humsamehe fundi, hii haisamehe. Mkono ukichelewa nukta moja, mahali hapo patakuwa peusi zaidi, na mstari utaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Mlango, boneti na fenda lazima vipate idadi ile ile ya mipulizo, kutoka umbali ule ule. Gari likikwaruzwa hakuna kuziba kiraka: paneli nzima inarudi kwenye metali. Na zile wino za mwanzo zilikuwa adui wa jua, kwa hiyo magari mengi ya enzi hiyo yalipauka ndani ya miaka michache.

Hayo hayakuwazuia mafundi. Larry Watson aliifanya rangi ya namna hii kuwa alama yake kusini mwa California, na George Barris akaipeleka Hollywood. Jon Kosmoski wa Minnesota, aliyeanzisha House of Kolor mwaka 1956, alifanya jambo ambalo naona lina uzito kuliko magari yote ya maonyesho: aliitia kwenye makopo, na fundi asiyemjua Bailon akaweza kuinunua. Mwaka 1963 kampuni ya Fender ikaiweka kwenye magitaa yake. Mwaka huo huo Tom Wolfe akaandika katika jarida la Esquire makala kuhusu ulimwengu wa magari hayo, iliyotoa jina la kitabu chake cha mwaka 1965. Huko mashariki ya Los Angeles, Wamarekani wenye asili ya Meksiko wakaipeleka mbali zaidi. Gypsy Rose, Chevrolet Impala ya mwaka 1964 ya Jesse Valadez, ilipakwa na Walt Prey pinki ya namna hiyo, na mawaridi mengi yakachorwa juu ya bodi.

Laka ya zamani nayo ikapigwa vita. Kuanzia miaka ya 1980 sheria za hewa safi za California zilibana viyeyusho vyake, na mafundi wakahamia rangi za urethani zinazochanganywa na kigumishaji. Hizi hazipasuki kama laka nene ilivyopasuka, ila mvuke wake una isosayaneti, sumu inayoharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Wapo wanaofufua magari ya zamani na kushikilia kwamba bila laka kazi si halisi. Hoja yao ni dhaifu. Bailon alitumia laka kwa sababu ndiyo iliyokuwepo.

Viwanda vilichukua nusu karne kumfikia. Mwaka 2012 Mazda ilitoa Soul Red: chini chembe za alumini, juu yake nyekundu inayopitisha mwanga, kisha vanishi. Mwaka 2016 ikaiboresha na kuiweka kwenye CX-5, gari linaloonekana sana leo Nairobi na Dar es Salaam. Anayepeleka gari hilo gereji kwa mkwaruzo asimlaumu fundi akiambiwa mlango mzima upakwe upya, pengine na paneli ya jirani.

Na anayeuziwa Mustang ya 1966 kwa madai kwamba rangi ni ile ya kiwandani, alitoe kwanza juani. Likimeta dhahabu, hiyo si rangi ya Ford.