Somo la Historia: Mnanaa Usiozaa Mbegu

Kama mna jani la nanaa karibu, lisugueni vidoleni, mnuse. Leo tutasoma habari za ndugu yake, mnanaa wa peremende. Neno hilo peremende limetoka katika jina la Kiingereza la mmea huu, kwa sababu mafuta yake hutiwa katika pipi.

Mwaka 1696 Mwingereza John Ray, mjuzi wa mimea, aliandika juu ya mnanaa ulioonekana Hertfordshire, kaskazini ya London. Ladha yake ilikuwa kali kama pilipili manga. Mwaka 1753 Mswidi Linnaeus akaupa jina la kitaalamu, akidhani ni aina ya pekee. Sivyo. Mmea huu ni chotara. Mzazi wake mmoja ni mnanaa wa majini, uotao kando ya mito. Wa pili ni nanaa ya bustanini.

Basi sikilizeni. Nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, hazai. Mnanaa huu nao hutoa maua, lakini ni nadra sana kupata mbegu ya kuotesha. Ulisalimikaje? Kwa mikono ya watu. Mashina yake hutambaa ardhini. Mkulima huyakata vipande na kuvipanda. Ndivyo walivyofanya wakulima wa Mitcham, karibu na London, katika karne ya 18, na mnanaa wao ukafika hata Marekani.

Jikoni, majani yake hutiwa katika maji ya moto yakawa chai, au hukatwakatwa juu ya matunda. Tieni kidogo tu, maana ukali wake huzima ladha nyingine. Kwa mchuzi wa nyama, mimi ningechagua nanaa ya kawaida.

Lakini kipande cha mmea ni mmea ule ule. Shamba zima ni kama mtu mmoja aliyesimama mara elfu: akiugua mmoja, wote wamo hatarini. Mwaka 1924 ugonjwa wa kunyauka, uletwao na kuvu wa udongoni, ulionekana katika mashamba ya Michigan, Marekani. Bila mbegu, wakulima hawakuweza kuchanganya mimea wapate miche yenye nguvu zaidi. Wataalamu wakapiga mionzi vipande vingi, wakavipanda katika udongo wenye ugonjwa, wakangoja kuona ni vipi vitapona. Katika miaka ya 1970 wakulima wakapewa mnanaa uliostahimili. Nao, kama babu yake, hupandwa kwa vipande.