Ndoano Isiyonasa na Misitu Iliyozama: Chambo Bandia katika Mabwawa ya Texas Katikati ya Karne ya 20

Historia ya zana za uvuvi nchini Marekani imezoea kuandikwa kupitia kumbukumbu za hataza. Njia hiyo ina faida yake, kwani hataza ina tarehe, mchoro na jina la mwenyewe. Kwa ndoano za maji ya kina kifupi, hata hivyo, inapotosha: badiliko lililoenea kuliko mengine halina mvumbuzi anayejulikana kwa hakika, wala halikuhitaji kifaa kipya. Insha hii inadai kuwa badiliko hilo lilitokana na ujenzi wa mabwawa zaidi ya ubunifu wa viwandani.

Tatizo lenyewe ni la kale. Ncha inayomchoma samaki ndiyo hiyo hiyo inayonasa jani, mzizi na kisiki. Penye kina kirefu mvuvi huweza kuipitisha ndoano juu ya vikwazo; penye maji ya kimo cha paja hana nafasi hiyo. Besi mdomo-mpana, samaki yule aliyepandikizwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920, hupenda kujificha humo humo mnamonasa. Kila kinga ya ncha, basi, hulipiwa kwa samaki wanaoponyoka.

Jibu mashuhuri la kiwandani lilitoka kwa Louis Johnson wa Illinois, katika miaka ya 1920: kijiko cha chuma chenye ndoano moja iliyokazwa, na waya mwembamba uliotangulia ncha. Waya huo ulipaswa kuwa mgumu kiasi cha kusukuma majani, na laini kiasi cha kubonyea samaki anapouma. Katika magugu ulifaa. Tawi la mti ni jambo jingine; halipishi njia kama jani.

Na Texas ilikuwa ikizamisha miti. Ukame wa 1950 hadi 1957 uliitikisa serikali ya jimbo hilo, na mwaka 1957 ikaunda bodi ya maendeleo ya maji. Bwawa la Sam Rayburn, katika mto Angelina, lilikamilika mwaka 1965 na kufunika takriban hekta 46,000. Toledo Bend, katika mto Sabine mpakani mwa Louisiana, lililofuata muda mfupi baadaye, ni kubwa zaidi. Sehemu pana za misitu ziliachwa zimesimama maji yalipopanda, na mvuvi akajikuta akirusha mshipi katikati ya vigogo.

Chambo kilichofaa kilikwisha kuwapo. Nick Creme, fundi wa mitambo wa Akron, Ohio, alikuwa ametengeneza nyungunyungu wa plastiki nyumbani kwake mwaka 1949, na baadaye akafungua kiwanda mjini Tyler, Texas. Lakini nyungunyungu hao waliuzwa na ndoano zilizo wazi. Wavuvi wa mabwawa waliziacha. Walichukua ndoano moja, wakaipitisha ncha kichwani mwa nyungunyungu na kuitoa ubavuni, wakaizungusha, kisha wakaifukia tena mwilini, huku chubwi yenye umbo la risasi ikitangulia mshiponi. Ncha haikugusa tena mti. Tendo hili la vidole lilibaki na jina la jimbo, si la mtu. Mtafiti anayetafuta mchoro wake wa kwanza katika hataza anatafuta mahali pasipo pake.

Gharama yake ilihamia kwingine. Kwa kuwa ncha ilipaswa kwanza kutoboa plastiki, ndipo ifike kwenye taya, mvuvi alilazimika kukata mshipi kwa nguvu, na fimbo laini haikumfaa; fimbo ngumu na mshipi mzito zikawa sehemu ya mtindo huo. Viwanda vilifuata nyuma, vikapinda shina la ndoano karibu na tundu la kufungia ili nyungunyungu asiteleze.